Usiruke Hapo, Shangazi!

Mama mpendwa, bila shaka umewahi kukaa na watoto mbele ya televisheni mkitazama sinema yao. Mnacheka vizuri, mara mnafika mahali pa huzuni, na kabla hujafikiri mkono wako umeshaifuata rimoti ili upasogeze mbele. Ndivyo nilivyotaka kufanya jioni moja ya Desemba 2025, nyumbani kwangu Mkuyuni hapa Mwanza. Nilikuwa nimeketi na mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka tisa. Akanishika mkono, akasema, "Usiruke hapo, shangazi. Hapo ndipo penyewe."

Sinema yenyewe ilikuwa The Lion King, ile mpya iliyotolewa mwaka 2019. Nitakueleza habari zake, nzuri na mbaya, lakini sikuandika kwa sababu ya sinema tu. Kwa zaidi ya miaka mitatu sisi watu wazima wa familia yetu, mimi muuguzi nikiwa mmoja wao, tulikuwa hatujui mtoto huyu amebeba nini moyoni. Tulijua usiku ule.

KANDA YA MWAKA 1996

Wasomaji wa rika langu mtakumbuka kwamba huku Tanzania Bara tulichelewa kupata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu 1973, sisi tukasubiri hadi miaka ya tisini. Mtaani kwetu aliyekuwa na seti na deki ya video alikuwa mtu mkubwa, na Jumamosi sebule yake ilijaa watoto wa mtaa mzima, ndala zimerundikwa mlangoni. Wa kwanza kufika alikaa kwenye zulia. Waliochelewa walichungulia dirishani.

Hapo ndipo nilipoiona The Lion King ya kwanza, ile katuni iliyotolewa Marekani mwaka 1994. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mwaka 1996. Mkazi yeyote wa Mwanza akisikia mwezi na mwaka huo anajua tulikuwa katika hali gani. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ikiwa njiani kuja Mwanza kutoka Bukoba, imejaza watu kuliko uwezo wake, na watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi wamezikwa pale Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha. Hakukuwa na mtaa usio na matanga, na nadhani yule mama jirani alituita watoto tuje kutazama katuni ili tusikae nje tukisikiliza vilio.

Katikati yetu alikuwapo msichana niliyesoma naye darasa moja. Baba yake alipanda meli ile na hakuonekana tena. Tulikuwa tumeshaonywa majumbani tusimwulize kitu.

Sinema ikaenda vizuri mpaka pale bondeni. Kwa ambaye hajaitazama: simba mfalme, Mufasa, anaruka katikati ya kundi la nyumbu wanaokimbia ili amwokoe mwanawe Simba. Anamwokoa, lakini anapojaribu kupanda mwamba ndugu yake mwenyewe, Scar, anamtupa chini naye anakufa. Mtoto anashuka, anamsukuma baba yake aamke, anamvuta sikio, haamki. Yule mama jirani alikuwa akipita na sinia la mihogo. Akasimama, akamtazama yule msichana, kisha akainama haraka kwenye deki akabonyeza kitufe. Picha zikakimbia zikiwa na mistari mistari, naye akaachia penye wimbo wa Hakuna Matata. Watoto wote tukashangilia. Yule msichana akainuka, akatafuta ndala zake, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Tulimaliza darasa la saba pamoja na sikuwahi kumsikia akimtaja baba yake.

Simlaumu mama yule. Alikuwa na huruma, na ndiyo njia tuliyoijua. Lakini nimefikiri mara nyingi kuwa alichofanya na ile kanda ndicho tulichofanya wote na watoto wetu mwaka ule. Tulisogeza mbele.

WANYAMA WANAOFANANA NA WANYAMA

Mwaka 2019 kampuni ya Disney iliitoa hadithi ile ile upya. Watu wengi huiita sinema ya wanyama hai, lakini hakuna simba hai hata mmoja ndani yake. Yote imetengenezwa kwa kompyuta, isipokuwa picha moja tu, ile ya kwanza kabisa ya jua kuchomoza, ambayo mwongozaji wake Jon Favreau alisema ilipigwa kweli barani Afrika. Ukiitazama huamini. Manyoya yanatikisika kwa upepo, vumbi linaruka, maji yanapita kwenye mawe kama ya kwetu Butimba. Wale wa katuni ya kwanza walikuja Kenya mwaka 1991 kutazama nchi na kuichora, hasa Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Sisi wa Mwanza hatuhitaji safari ndefu. Ukishika barabara ya Musoma unafika lango la Ndabaka, na hapo Serengeti imeanza.

Binti yangu alipoileta mara ya kwanza mwaka ule wa 2019, nilisinzia. Sikuona aibu kusema hivyo, na hata leo naweza kueleza sababu. Simba wa kweli hana uso wa kuonyesha huzuni kama sisi. Kwenye katuni, mtoto Simba anapolia machozi yanaonekana, nyusi zinapanda, midomo inatetemeka. Kwenye ile mpya wametengeneza simba mzuri kama picha ya kalenda, anazungumza maneno ya kuvunja moyo, na uso wake ni wa mnyama anayesubiri chakula. Nilisema moyoni: kazi kubwa, fedha nyingi, lakini roho wameisahau.

Kuna yaliyonifurahisha, nisije nikaonekana mchoyo. Sauti ya Mufasa ni ya mtu yule yule wa mwaka 1994, James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Yeye alilelewa na babu na bibi yake, na utotoni alikuwa na kigugumizi kikali hata akakaa miaka kama minane akisema kwa shida au hasemi kabisa. Sauti ya fisi Shenzi ni ya dada yetu Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala akakulia Ujerumani. Majina yenyewe nusu ni Kiswahili: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Hilo la Shenzi najua mama wengi hamtaki kulisikia mezani, na mimi nilimkataza binti yangu kulitumia kwa mdogo wake.

Tena kuna jambo katika sinema mpya ambalo halikuwamo katika ile katuni. Scar, akishamuua kaka yake, anamtaka Sarabi, mjane wa marehemu, awe mke wake, naye Sarabi anakataa. Wifi yangu alipoona sehemu hiyo alicheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe na simba wanarithi wajane," alisema. Yeye mwenyewe maneno hayo yalimfikia kabla hata arobaini ya mumewe haijaisha, kutoka upande wetu sisi, na ninaandika hivi nikiona haya.

"NI KWELI, YEYE NDIYE ALIYEMUUA"

Kaka yangu alifariki mwaka 2022 huko Sengerema. Alikuwa na pikipiki, na jioni moja giza likiingia aligonga lori lililoharibika na kuachwa barabarani. Halikuwa na taa wala alama yoyote, hata matawi ya miti hayakuwekwa. Mwanawe alikuwa na miaka sita. Siku ya mazishi tulimpeleka kwa jirani pamoja na wadogo zake ili wasione jeneza. Wazo hilo lilikuwa langu. Baadaye akiuliza tulimwambia baba amelala, baba yuko kwa Yesu, baba alipendwa zaidi na Mungu. Akilia tulimwambia wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Akikosea tulimwambia baba yako anakuona huko aliko.

Mtoto akanyamaza. Tukasema, afadhali, amesahau. Ni kweli shuleni alikuwa ameshuka kutoka wa tano hadi wa arobaini na kitu. Ni kweli alianza kukojoa kitandani tena, na kila Jumatatu tumbo lilimuuma. Wifi alimpeleka kupimwa minyoo, akapewa dawa, tumbo likaendelea. Mimi nikipigiwa simu niliuliza kama anakunywa maji safi. Miaka zaidi ya ishirini katika kazi ya uuguzi!

Likizo ya Desemba 2025 alikuja kwangu. Walivuka kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni mwaka ule ule, na jambo pekee alilozungumza siku ya kwanza ni urefu wa daraja hilo. Siku ya tatu mvua ilinyesha, binti yangu akachomeka flashi kwenye televisheni, akaweka The Lion King. Flashi hiyo ilijazwa na kijana wa pale stendi anayejaza sinema kwa shilingi chache. Naomba msinishitaki.

Nilikuwa nimesahau kabisa kuna nini ndani ya sinema ile mpaka tulipofika bondeni na nyumbu wakaanza kushuka. Ndipo mkono ukaenda kwenye rimoti, naye akanizuia. Basi tukatazama. Mufasa akafa. Mtoto Simba akajilaza chini ya mkono wa baba yake. Halafu Scar akatokea taratibu kwenye vumbi, akamwambia mtoto kwamba kama si yeye mfalme angekuwa hai, mama yake atasema nini, akimbie asirudi tena. Uso wa yule simba mdogo, kama nilivyosema, hauonyeshi kitu. Niligeuka kumtazama mtoto wetu. Na wake ulikuwa vile vile, hauonyeshi kitu.

Akasema polepole, kama mtu anayejibu swali darasani, "Ni kweli, shangazi. Simba ndiye aliyemuua. Baba yake asingekwenda pale kama siyo yeye."

Nilitaka kusema, "Hapana bwana, ni Scar." Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini kuna kitu katika ile sauti nilikijua kutoka wodini, ile sauti ya mgonjwa anayekuambia jambo dogo ili aone kama utaweza kuhimili kubwa. Nikamwomba binti yangu asimamishe picha. Nikamwuliza tu, "Kwa nini unasema hivyo, baba?"

Akakaa kimya muda mrefu. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha akasema, "Mimi nililia biskuti."

Ndipo tukajua. Jioni ile kaka alikuwa amekwisha kufika nyumbani salama. Wifi alikuwa lamboni kuteka maji. Mtoto akakumbuka kuwa asubuhi baba aliahidi biskuti, akalia, baba akacheka, akageuza pikipiki kurudi senta. Hakurudi. Wifi alijua mumewe alikuwa akirudi senta, hakujua ni kwa ajili gani. Mtu mmoja tu duniani alijua, naye alikuwa na miaka sita.

MTOTO MDOGO NA KIFO

Hapa nizungumze kidogo kama muuguzi. Mtoto chini ya miaka mitano au sita huwa bado haelewi kwamba aliyekufa harudi. Atalia leo, kesho atauliza baba anarudi lini, na wewe utadhani anakutania. Akipita umri huo anaanza kuelewa, lakini bado anaamini kuwa mawazo na maneno yake yana nguvu ya kutenda mambo. Alikasirika akasema moyoni "bora uondoke," mama akaugua akafa. Basi yeye ndiye aliyemuua. Hakuna mtu mzima atakayebuni jambo hilo, na mtoto hatalisema, kwa sababu kwake ni dhambi kubwa mno. Linatoka kwa njia nyingine: tumbo, kitanda kilicholowa, ukali, usingizi mbaya, daftari tupu.

Nayo maneno yetu ya faraja, jamani, tuyapime. Ukimwambia mtoto kuwa baba amelala, usishangae akiogopa kulala. Ukimwambia amesafiri, atamkasirikia kwa kutoaga. Ukimwambia Mungu alimpenda zaidi akamchukua, umemfanya Mungu kuwa mwizi, na kesho unamwamuru aimbe Shule ya Jumapili. Nimefundisha Shule ya Jumapili kwa miaka mingi na nimewahi kuyasema yote hayo matatu. Na lile la "baba anakuona," mbona tulilifanya fimbo! Kwa mtoto anayeamini amemuua baba yake, fikiria anavyolala usiku akijua baba huyo anamtazama.

Afadhali neno "amekufa," lenyewe, kwa sauti ya upole, na mwili wa mama ukiwa karibu. Afadhali umwambie mwili wake uliacha kufanya kazi, hapumui tena, haumwi tena, hatarudi, na sisi tunamwamini Mungu kuwa tutaonana naye. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro ilhali alijua atamfufua. Kama yeye hakuruka hapo, mimi naruka kwa nini?

Jambo moja lilinigusa nilipolijua baadaye. Hans Zimmer, aliyetunga muziki wa katuni ile ya 1994 na kupata tuzo ya Oscar, alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita. Amewahi kueleza kuwa alikubali kazi ile ili tu ampeleke binti yake mdogo kwenye uzinduzi wa sinema, lakini alipofika mahali pa kifo cha Mufasa ilimbidi akutane na kifo cha baba yake mwenyewe, jambo ambalo alikuwa hajalishughulikia. Mtu mzima kabisa, na utotoni hakuna aliyemketisha.

HAKUNA MATATA

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliniuliza kama ni sawa Mkristo kuonyesha watoto sinema ile, maana kuna yule Rafiki na kibuyu chake na marehemu anayesema kutoka mawinguni. "Si mizimu hiyo?" Swali zuri, hasa kwetu usukumani ambako mtoto akiugua wapo wanaokimbilia kwa mganga kabla ya zahanati. Nilimjibu kwamba ndiyo, hapo kaa na mtoto wako umwambie sisi hatuombi wafu wala hatungojei sauti yao. Katika ile mpya hata sura ya Mufasa haionekani sawasawa, ni mawingu na radi tu. Lakini mimi sehemu hiyo hainitishi kama ninavyotishwa na ule wimbo wa Hakuna Matata, ambao watoto wote wanaupenda.

Usinielewe vibaya. Maneno ni yetu, ingawa huku Mwanza tunasema zaidi "hamna shida." Yalivuma kwa watalii kupitia wimbo Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Kenya tangu mwaka 1982, na baada ya katuni kutoka Disney wakayasajili huko Marekani kama alama yao ya biashara, jambo lililowaudhi watu wengi wa Afrika Mashariki mwaka 2018 lilipojulikana. Wamezoea, nadhani. Sinema hiyo hiyo ilitumia na wimbo uliotokana na Mbube wa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi mwaka 1939 na kufa maskini mwaka 1962. Binti zake walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2004, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2006.

Ninachosema ni hiki. Timoni na Pumbaa wanamkuta mtoto jangwani, amechoka, amefiwa, anaamini ameua. Wanamlisha wadudu, wanamchekesha, wanamwambia asahau yaliyopita. Ni wema sana, na bila wao angekufa. Lakini anakua mpaka kuwa na manyoya shingoni na bado hakuna aliyemwuliza, "Kwani kulitokea nini?" Mimi niliposikia tena wimbo ule jioni ile, mtoto akiwa amejiegemeza kwangu, nilijitambua. Mimi ndiye Pumbaa. Maji safi, dawa ya minyoo, hamna shida.

YALIYOFUATA

Usiku ule ule nilimpigia wifi, na kesho yake saa nne asubuhi alikuwa mlangoni. Kabla hajamwona mtoto tulizungumza jikoni. Alitaka kumwambia kuwa baba alikuwa anarudi senta kwa shughuli nyingine, kununua mafuta ya pikipiki, biskuti hazikuhusika. Nilielewa kabisa. Ungekuwa uongo wa upendo na ungemtuliza siku hiyo. Lakini yule mtoto alikuwepo. Alimwona baba akigeuza pikipiki, alisikia alivyosema. Akijua mama naye anamdanganya, atabaki peke yake na siri yake, tena sasa kabisa.

Wifi alikaa na mkono shavuni. Kisha akaenda sebuleni, akaketi chini kwenye mkeka, jambo ambalo silioni mara nyingi kwake, akamweka mtoto mbele yake. Nilibaki mlangoni. Akamwambia, "Ni kweli baba alirudi kwa ajili ya biskuti zako. Alirudi kwa sababu alikuwa ameahidi, na alipenda kukuletea vitu. Wewe ulilia kama watoto wote wanavyolia. Lori liliachwa barabarani bila taa. Mtu mzima aliliacha pale. Lori ndilo lililomuua baba yako, siyo biskuti, siyo wewe."

Mtoto akauliza, "Huyo mtu wa lori alifungwa?" Wifi akasema hapana, hakupatikana. Akauliza kama baba aliumia sana. Akauliza kwa nini yeye hakupelekwa kaburini. Hapo wifi akanitazama, nami nikajibu mwenyewe kwamba lilikuwa kosa langu, nilidhani ninamkinga. Nikamwomba msamaha. Si desturi yetu mtu mzima kumwomba mtoto msamaha, na maneno yalitoka kwa shida. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Wifi akamshika tu, hakumwambia nyamaza.

Sitasema kila kitu kilipona. Tumbo lilimuuma tena shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, ingawa mama yake sasa anajua kuuliza kabla ya kutafuta dawa. Mwalimu wake ameelezwa. Jumamosi moja tulivuka wote kwenda Sengerema, tukalifyeka kaburi, naye akaweka pale pakiti ya biskuti. Mama yule wa kikundi cha maombi angeuliza kama hiyo siyo sadaka kwa wafu. Nilimwacha mtoto aiweke, tulipoondoka nikamwambia aichukue tukale njiani, akakubali bila neno.

Ila nirudi siku ile ya mkekani. Jioni, wifi akiwa bado kwetu, mtoto aliomba tumalizie sinema. Binti yangu alikuwa ameitafuta na ile katuni ya zamani, akamwuliza anataka ipi. Akatazama kidogo ya hii na kidogo ya ile, akachagua ya kuchorwa. "Huyu analia vizuri," alisema. Tukaitazama mpaka mwisho, pale Simba anaporudi nyumbani akiwa mkubwa, anasukumwa mpaka ukingoni mwa mwamba, na Scar anamnong'oneza kwamba yeye ndiye aliyemuua Mufasa. Mtoto akakaa wima.

"Rudisha hapo, dada," akamwambia binti yangu. "Anaposema ukweli."

Binti yangu akarudisha. Aliitazama mara tatu, kisha akauliza kama chakula kimeiva.